Kwa kijana aliyeacha kuswali

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu kijana aliyeandika kwamba ameacha kuswali. Barua yake nimechelewa kuiona, kwa sababu gazeti lenyewe lilinifikia likiwa limefungiwa vitumbua. Mjukuu wangu alitumwa vya shilingi elfu moja, na nilipokunjua karatasi nikakuta mafuta yameshafika kwenye aya ya mwisho, ila maneno yalikuwa yanasomeka: "Nimeona nazungumza na ukuta, nimeacha."

Nikaiweka karatasi juu ya kabati ikauke, nikasubiri mashekhe wamjibu. Wiki iliyofuata nikanunua gazeti kwa pesa yangu. Jibu lilikuwepo moja tu, la bwana aliyemwambia kijana imani yake ni ndogo na moto unamngoja. Mhariri, barua ile imenikera kuliko ya kijana. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka 34, mingi yake hapa hapa Tanga. Chuo cha dini sikukifika. Niliishia Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Qurani, na vile vitabu vidogo vya fiqhi, sheria za ibada, ambavyo kila mtoto wa Kishafii wa pwani amechapiwa bakora kwa ajili yake. Nikikosea, wajuzi wanisahihishe, sitanuna. Na nitaandika "swala" kama tunavyotamka msikitini. Kama gazeti lako huandika "sala", fanya upendavyo, Mungu anaelewa zote mbili.

Mwanangu, ulisema una miaka 27, una cheti cha umeme wa majumbani, na miaka mitatu umeswali vipindi vyote vitano, ukafunga Jumatatu na Alhamisi, ukaamka usiku, kazi hukupata. Hayo yote nayaamini. Ulisema pia ulimlipa mtu shilingi 60,000 akuandikie kombe, aya za Qurani zinazooshwa zikanywewa, na akusomee halbadiri, kisomo cha majina ya watu wa Badri. Hapo nilitamani nikuvute sikio. Kombe sizungumzii, hata bibi yangu alinywa. Ila yule aliyechukua pesa yako alikufundisha kwamba dini ni duka, na duka likikosa bidhaa mteja huhama. Umehama. Ningekuwa mteja ningehama hata mimi.

Lugha yetu ina maneno mawili kwa jambo hili, na sisi Waislamu wa huku hatuyachanganyi. Kuna dua na kuna swala. Dua ni haja yako. Unaomba kazi, mchumba, afya, mvua, muda wowote, kwa Kiswahili, kwa Kidigo, ukitaka ukiwa unaosha vyombo. Swala ina wakati wake, maneno yake na mwendo wake, na ukiikagua ndani utashangaa jinsi ilivyo na maombi machache ya lazima. Faradhi za siku ni rakaa 17. Katika kila rakaa unasoma Fatiha, na katika Fatiha unaomba jambo moja: tuongoe njia iliyonyooka. Mara 17 kwa siku, jambo hilo hilo. Kazi haimo, mume hamo, mtoto hamo. Ukitaka kuyaomba hayo, sijda ipo, na baada ya salamu mikono unayo, nyanyua. Lakini swala yenyewe haikuwekwa kwa ajili hiyo. Umeitwa, umekwenda.

Katika Sura Twaha, aya ya 132, Mtume anaambiwa awaamrishe watu wake swala na yeye mwenyewe adumu nayo. Kisha linafuata neno ambalo ungedhani limeteremshwa kwa mtafuta kazi: hatukuombi riziki, Sisi ndio tunaokuruzuku. Wako wanaoisoma aya hii kama mkataba, kwamba swali utapata fedha. Mimi naona imetenganisha mambo mawili. Wewe una amri yako, na riziki ina mwenyewe.

Marehemu baba yangu alikuwa baharia wa jahazi. Walibeba boriti, nazi na chumvi, kutoka hapa kwenda Pemba, Mombasa, mara nyingine hadi Lamu. Ukichukua ramani utaona Tanga na Makka ziko karibu mstari mmoja, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini, kimeinama kidogo sana upande wa mashariki. Baba na wenzake wakisema "kibla" hata katika habari za upepo walimaanisha kaskazini. Basi msimu wa kusi, upepo wa kusini, jahazi likipandisha Mombasa, omo, yaani mbele ya chombo, inatazama kibla na baba anaswali akiutazama uso wa safari. Kaskazi ikianza wanateremka, na kibla kiko nyuma, kwenye tezi. Siku za kupiga bisho, kwenda kwa kupindapinda dhidi ya upepo, ndiyo ilikuwa kazi. Chombo kinageuka upande huu, yeye yuko katika rakaa ya pili, anageuka upande ule kifua kirudi kibla. Alikuwa akituonyesha sebuleni, amekaa juu ya mkeka, maana bahari ikichafuka waliswali wamekaa, na sisi watoto tunaushika mkeka tunauzungusha yeye anajirudisha. Udhu walichukua kwa maji ya bahari. Alisema ndevu zilikuwa zikikauka chumvi mpaka zinakwaruza.

Niliwahi kumwuliza kama ndani ya swala huwa anaomba upepo. Akacheka. "Upepo una msimu wake, mwanangu, na adhuhuri ina wakati wake. Sijapata kuona mmoja akimngoja mwenziwe."

Nilikuwa mtoto, sikumwelewa. Nilikuja kumwelewa wodini.

Wanaume hamlijui ninalotaka kusema sasa, na misikitini hamliongei, kwa hiyo nivumilieni. Mwanamke wa Kiislamu tangu anapovunja ungo, kila mwezi anaacha swala siku kadhaa. Haachi kwa uvivu wala kwa kukata tamaa. Ameambiwa aache. Akijifungua anaacha tena, wiki na wiki, mpaka damu ya nifasi ikatike. Na Bi Aisha, mke wa Mtume, Mungu amridhie, amesimulia kwamba wanawake wa zama za Mtume waliamrishwa kuilipa saumu iliyowapita, hawakuamrishwa kuilipa swala. Kama swala ingekuwa malipo ya kununulia haja, sisi wanawake tungekuwa na deni lisilolipika.

Nakumbuka usiku mmoja wa 27 wa Ramadhani, ule ambao wengi wetu huutarajia kuwa Laylatul Qadri. Nilikuwa zamu ya usiku, wodi imejaa, vitanda vingine wazazi wawili wawili. Msikiti ulikuwa jirani, sauti ya imamu tunaipata dirishani kila pangaboi likipunguza kelele. Kwenye kitanda cha pembeni kulikuwa na binti, mzazi wa mara ya kwanza, mwalimu wa madrasa ya watoto. Alijifungua siku mbili nyuma. Nikamkuta amegeukia ukuta analia, shuka ameiuma. Nikadhani nyuzi. Nikamwuliza, "Zinauma, mama? Nikuletee dawa?"

Akatikisa kichwa. "Siumwi, sista. Usiku huu watu wote wako mbele ya Mola wao. Mimi nimetolewa nje."

Miezi tisa alikuwa akijiandaa na kumi la mwisho. Alikuwa ameshashona na kanzu mpya ya kuswalia.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo tulikatazwa. Nikamwambia, "Nani aliyewaamrisha wale wasimame?" Akasema, Mwenyezi Mungu. "Na wewe usisimame umeamrishwa na nani?" Akanyamaza. Nikamkumbusha kwamba mdomo haukufungwa, dua aombe, tasbihi alete, asubuhi bado mbali. Alikaa kimya muda, kitoto kinanyonya hewa pembeni yake, kisha akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo nikilala, nimetii?"

"Ukilala umetii. Na huyu akilia ukaamka, umetii mara ya pili."

Alilala. Mimi nilirudi mezani kuandika ripoti, na nakiri sikuandika chochote kwa dakika kadhaa. Maneno niliyomwambia yule binti yalikuwa yamenigeukia mimi mwenyewe, maana hadi siku ile nilikuwa nikihesabu swala zangu kama mtu anayehesabu mchango wa upatu, akingoja zamu yake ya kupokea.

Tulikuwa na mwenzetu mmoja kwenye zamu, mama wa Kilutheri kutoka milima ya Lushoto. Kila tulipopokezana zamu alisimama karibu na sinki akaisema Baba Yetu kwa sauti ndogo, na akifika "mapenzi yako yatimizwe" alikuwa akikoma kidogo, anavuta pumzi, ndipo anaendelea. Sikumwuliza kwa nini anakoma pale. Kwa kazi ile kila mmoja wetu alijua.

Kuna jioni nyingine ambayo mashekhe watanisamehe. Saa kumi na mbili na nusu, adhana ya magharibi inaadhiniwa, mimi mkono mmoja uko juu ya tumbo la mzazi nakanda mji wa mimba, damu inatoka kama bomba lililopasuka. Kondo la nyuma limetoka, mji haujikazi. Mwenzangu anakimbilia sindano, daktari ameitwa. Magharibi ina muda mfupi, kila anayeswali anaijua. Nikasikia wakiqimu, swala inaanza, nikasikia "Amin" ya watu wote, mkono wangu uko pale pale. Mama yule alitulia ilipokaribia saa mbili usiku. Nikavua sare iliyolowa, nikaoga, nikatoa kanga safi na buibui ninavyoweka kabatini kwa kazi hiyo, nikaswali magharibi imeshapita na isha imeshaingia. Nilipomsimulia sheikh wa mtaani, mzee sana, alinitazama akaniambia, "Ungemwacha ukaja kuswali, ungekuwa umemwasi Mungu kwa rukuu na sijda." Basi. Akaendelea kumenya chungwa lake.

Sasa nifike kwenye ukuta, maana ndilo neno lililoniuma katika barua yako.

Mume wangu aliugua figo. Tukawa tunampeleka Dar es Salaam kusafishwa damu, zaidi ya kilomita 300 kwenda na hizo hizo kurudi. Safarini dini imetupunguzia, zile rakaa 17 zinakuwa 11, na unaruhusiwa kuunganisha adhuhuri na alasiri. Basi likisimama Segera abiria wanakimbilia chipsi, mimi nakimbilia bombani. Usiku nyumbani niliamka nikaomba. Miezi saba. Niliomba kama mtu anayejua kuomba, kwa machozi na bila machozi, kwa majina yote 99. Sikuacha mlango nisiougonga.

Alifariki Alhamisi, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Nimezoea kushika mikono ya watu wakiingia duniani, huu wa kutoka sikuujua.

Adhuhuri ilipoingia nyumba ilikuwa imejaa wanawake, wengine wananilaza kifuani, wengine wanatafuta sufuria. Nikanyanyuka. Shangazi mmoja akanishika kanga, "Kaa, mwanangu, leo umesamehewa." Nikamwambia, "Nani aliyenisamehe, shangazi?" Sikusema kwa ujeuri, nilitaka kujua kweli. Hakuwa na jibu. Nikatia udhu nyuma ya nyumba, nikaswali chumbani kati ya kabati na masanduku. Nikasahau ni rakaa ya tatu au ya nne. Nikashika hesabu ndogo kama tulivyofundishwa, nikaongeza moja, nikaleta sijda mbili za kusahau kabla ya salamu. Hiyo ndiyo swala yangu ya siku ile. Moyo ulikuwa mkavu kama kigae. Sikusikia faraja, sikuona nuru, na kama ungeniuliza nazungumza na nani, pengine ningekuambia ukuta, maana ndio uliokuwa mbele yangu, una ufa kuanzia dirishani mpaka chini.

Ukavu ule ulidumu karibu mwaka. Eda iliisha, miezi minne na siku kumi, nikarudi kazini, na bado niliposema "Allahu Akbar" ilikuwa kama kusaini daftari la mahudhurio. Nikasaini. Wewe mwanangu umeacha kwa sababu huhisi kitu. Sikukatazi kuhuzunika, ila mimi swala ninazozithamini zaidi katika maisha yangu ni zile za mwaka ule, nilipokuwa sina ninachopata wala ninachotarajia. Nikiwa na furaha, sijui kama naswali kwa ajili ya Mungu au kwa ajili ya furaha. Mwaka ule nilijua.

Sitakuambia kwamba baadaye nilijibiwa kwa njia nyingine. Watu hupenda kumaliza hadithi hivyo. Mume wangu hakurudi, na kwa nini, sijaelezwa. Nabii Ibrahim aliyeamrishwa kumchinja mwanawe tunamkumbuka kila Idi ya kuchinja, na huwa tunaharakia kwa kondoo. Lakini alipokuwa anapanda na kisu, kondoo hakuwepo.

Siku hizi naswali kwenye kiti. Magoti yamekwisha, miaka 34 ya kusimama kwenye sakafu ya saruji si mchezo. Mwanzoni niliona haya, nikawa sitaki kuonekana, mpaka nilipokumbuka hadithi ya Imran bin Huswain, swahaba wa Mtume, ambaye sisi watu wa hospitali tunampenda kwa sababu ugonjwa wake umetajwa bila kuficha: bawasiri. Alimwuliza Mtume ataswali vipi, akaambiwa aswali amesimama, akishindwa akae, akishindwa alale ubavu. Nimeitafuta mahali inaposema ukishindwa basi, sijaiona.

Na wewe bwana uliyemjibu kijana kwa moto, nakuamkia kwa heshima. Ipo sura fupi, Al-Maun, aya saba tu, mtoto wa chekechea anaihifadhi. Inasema ole wao wanaoswali, kisha inaeleza ni akina nani hao: wanaoipuuza swala yao, wanaojionyesha, na wanaowanyima watu hata vitu vidogo vya kusaidiana. Nimefanya kazi na muuguzi mwenye sijda imechora paji la uso, na hakuna mzazi aliyetaka kuangukia zamu yake kwa sababu ya maneno yake. Huyu kijana aliandika amesomea nini. Ulisoma hapo, au ulirukia mahali aliposema ameacha?

Mhariri, najua barua imezidi kipimo. Kata utakapo, ila ya yule binti wa usiku wa 27 niachie, na hii inayofuata.

Kijana, nina mpwa wangu anafunga nyaya katika nyumba mpya upande wa Pongwe. Ana nyumba tatu mkononi, na msaidizi wake ameondoka mwezi uliopita. Mabomba ya ukutani yamelazwa, nyaya bado hazijavutwa. Ni kazi ya kutwa, malipo ya siku kwa siku, na jua la kule ni kali. Cheti chako atakiangalia, lakini zaidi ataangalia kama unaogopa ngazi. Mhariri ana namba yangu, mwombe. Sikuulizi kama umerudi kuswali, na mpwa wangu hatakuuliza. Ila usije ukaandika gazetini kwamba ndiyo maombi yako yamejibiwa. Ni mpwa wangu tu kazi zimemzidi.

Wako,
Mkunga mstaafu,
Ngamiani, Tanga.